Macho ya Askari

Nyumbani kwangu Mbagala, wilayani Temeke, ninacho kibao cha ukubwa wa sinia. Juu yake wamesimama askari wa mti, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Ni barabara ya Lukaya, Uganda, ikikatiza kinamasi, Machi 1979. Nawapaka rangi ya mafuta, ile ya baiskeli, waliyoanza nayo wachoraji wa Tingatinga. Kwanza kijani, ikikauka, nyeusi iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa, itulie kwenye mikunjo ya nguo, mwisho brashi karibu kavu, iguse kingo tu. Macho nilikuwa siyachori. Kwa umbo dogo hivyo, jicho humfanya askari aonekane ameshtuka, na wangu walikuwa washindi.

Baba mdogo, aliyekuwa mgambo katika vita ile, alikuja siku ya Idi. Hakuwa amepata kutusimulia lolote. Alivaa miwani, akainama hata chai ikapoa.

"Mbona viatu safi? Na mbona hii ni kesho yake tu?"

Nilimwelewa. Jioni ya tarehe 10, makombora ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin yaliwatawanya mgambo wetu wakakimbia. Ushindi ulikuja siku iliyofuata. Nami, kwa heshima yake, niliiruka jioni hiyo.

"Wachore macho, mwanangu," akasema. "Tulishtuka kweli."

Sasa nawarudia mmoja mmoja, kwa brashi niliyoipunguza hadi nywele tatu. Wa kwanza amenichukua jioni nzima.