Nguzo ya Samson na Ushahidi wa Mwongo

Katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Illtud, Llanilltud Fawr, kusini mwa Wales, inasimuliwa kwamba msalaba wa mawe uliwahi kuzikwa pamoja na maiti. Kijana mmoja wa kimo cha ajabu alifariki. Kaburi lake likachimbwa karibu mno na nguzo ya msalaba wa kale. Nguzo ikaporomokea shimoni, na waombolezaji wakaifukia papo hapo.

Aliyeyaandika masimulizi haya ni Edward Williams (1747-1826), mwashi na mshairi ajulikanaye zaidi kwa jina la Iolo Morganwg. Alidai kuyasikia kwa fundi viatu mzee. Mwaka 1789 alichimba mahali palipotajwa, na nguzo akaikuta. Maandishi yake ya Kilatini yanaeleza kwamba Abate Samson aliuandaa msalaba huo kwa ajili ya roho yake, ya mfalme Iuthahel na ya mtu aitwaye Artmal. Kichwa cha msalaba kimepotea. Nguzo imehifadhiwa ndani ya kanisa hilo.

Mwaka huo huo wa 1789 yalichapishwa mashairi ya Dafydd ap Gwilym, bingwa wa karne ya 14. Katika nyongeza ya kitabu hicho yalikuwamo mashairi yaliyotungwa na Iolo mwenyewe na kupachikwa jina la marehemu. Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Njia ya Iolo ilidumu miaka 137, hadi mtaalamu G. J. Williams alipoufichua udanganyifu huo mwaka 1926.

Je, shahidi wa namna hii akataliwe kabisa? Angekataliwa kabla ya kuchimba, huenda nguzo ya Samson ingali udongoni. Akikubaliwa kwa yote, kijana yule mrefu naye ataingia katika historia, ilhali shahidi wake ni Iolo peke yake. Jiwe lathibitisha kwamba nguzo ilikuwapo. Halithibitishi namna ilivyoanguka.

Basi wajibu wa mtafiti wa fasihi simulizi ni kupima kila dai peke yake, wala si kumpima msimulizi mara moja na kufunga jalada. Iolo alighushi kwenye karatasi, akasema kweli kuhusu jiwe. Na mkono ulioshika kalamu ndio ulioshika jembe.