Wikiendi na seva mbili

Kimya changu kina sababu. Nipo fildi, ofisi ndogo ya watu 12, na wikiendi nzima tulikuwa tunahamisha seva.

Seva ya domeini ilikuwa Windows Server 2012 R2, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 2023. Ya barua pepe, Exchange 2016, nayo ikaachwa Oktoba 14, 2025. Yaani tundu likigunduliwa, hakuna wa kuliziba, na mle mna barua za mhasibu za miaka tisa! Bosi akauliza, "Si inafanya kazi?" Fundi wetu akamjibu, "Bosi, hata paa lenye mchwa linasimama."

Ijumaa tukaanza na bakapu, tukajaribu kabisa kuirudisha kabla ya kugusa kitu. Kisha seva mpya ikaingia kwenye domeini ileile, ikanakili majina na nywila zote, ndipo tukaihamishia majukumu. Ya zamani haizimwi mpaka mpya ijibu! Exchange 2016 nayo haipandishwi ilipo: unafunga toleo jipya kwenye mashine nyingine, halafu unahamisha masanduku ya barua. La mhasibu lilitambaa mpaka Jumapili alfajiri, jamani.

Jumatatu mama mhasibu akafungua barua yake ya 2016, akasoma, akaendelea na chai. Hakujua lolote. Mimi nilikuwa namwangalia tu, roho kwatu.

Haya, narudi kwenye ripoti. Mlioko fildi, hebu chungulieni seva za huko!