Vidonge kwa Wenye Macho Mazima

Nilipoanza kazi ya uuguzi wa macho wilayani Kongwa, dawa yetu ya trakoma, wengi wakiita vikope, ilikuwa tyubu ya mafuta ya tetrasaiklini. Mama alitakiwa kumpaka mwanawe mara mbili kwa siku, wiki 6 mfululizo. Ukishapakwa unaona ukungu, jicho linawasha na vumbi la Dodoma linanasa humohumo. Ukipita wiki ya pili, tyubu imechomekwa kwenye boriti za tembe na mtoto yuko machungani. Sikumlaumu mtu. Hata mimi nisingefika wiki ya sita.

Mwaka 1998 kampuni ya Pfizer na wakfu wa Edna McConnell Clark walianzisha mpango wa kimataifa wa kupambana na trakoma, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kupewa azithromaisini bure. Dozi moja kwa mwaka, unameza, basi. Ugumu wa kazi ukahamia kwa watu wasioumwa.

Maana kingatiba, yaani dawa ya kinga kwa jamii nzima, haimsubiri mgonjwa. Tulikuwa tunafunua ukope wa juu wa mtoto kwa kidole gumba, tunaugeuza nje, tunamulika. Ukiona vipele vyeupe 5 au zaidi, kila kimoja angalau nusu milimita, huyo anahesabiwa. Wenye vipele hivyo walipofikia 10% ya watoto wa mwaka 1 hadi 9, wilaya nzima ilimeza. Vimelea vya klamidia hukaa kwenye tongotongo na makamasi, husafiri kwa vidole, kwa ncha ya kanga, kwa nzi. Mtibu mtoto mmoja leo. Usiku analala ngozi moja na wadogo zake, na baada ya muda anavyo tena.

Hayo nilimweleza mzee mmoja aliyekuja kwenye foleni kutazama tu.

“Daktari, mimi macho yangu mazima. Sindano natunga mwenyewe. Vidonge vya nini?”

“Shikamoo mzee. Wajukuu unawapakata?”

“Marahaba. Sasa niwapakate nani kama si hao?”

“Basi ni vya hao.”

Akacheka, akasimama kwenye kijiti. Kile kijiti cha mbao kilikuwa mizani yetu: kimechorwa mistari, na urefu wako ndio unaosema unameza vidonge vingapi. Mtu mzima huishia vidonge 4 vya miligramu 250. Mizani halisi nani angeibeba kupanda vilima? Watoto wadogo walipewa dawa ya maji, na wachanga wa chini ya miezi 6 walibaki na yale mafuta ya zamani. Anayelia hanyweshwi kwa nguvu, wala habanwi pua. Anaweza kupaliwa akafa. Anasubiriwa atulie, hata kama foleni inanung'unika.

Uvumi ulikuwepo, kama kawaida: dawa za kuzuia uzazi. Hotuba hazikusaidia. Walioutuliza ni wagawa dawa waliochaguliwa na vitongoji vyenyewe, wakimeza mbele za watu pamoja na watoto wao. Hawa ndio walionifundisha kazi. Rejesta yangu ilisema kaya imekamilika. Binti mgawa dawa akaniambia yuko kijana analala zizini, na mke mdogo ameenda kwao kujifungua. Kichefuchefu nacho kilitusumbua hadi tulipowaambia watu wanywe uji kwanza. Kina mama nao walikuwa na hesabu yao: walisema baada ya kingatiba vifua vya watoto vinapona na vidonda vya ngozi vinakauka. Hawakukosea, azithromaisini inatibu hayo pia.

Isichoweza ni kurudisha kope nje. Bibi ambaye kope zake zimeshageukia ndani, zinakwangua mboni kila akipepesa, anahitaji upasuaji, na wengi walikuwa wanawake, kwa sababu wao ndio hulea watoto wenye vimelea miaka nenda rudi. Kila kituo niliandika majina yao pembeni. Jibu lilikuwa lilelile: “Baada ya mavuno, mwanangu.”

Na dawa haileti maji. Utafiti wa Sheila West na wenzake, uliofanyika hapohapo Kongwa na kuchapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuwa na trakoma kali. Kunawa uso hakuhitaji maji mengi, kopo dogo linatosha. Lakini mwambie hivyo mama aliyetembea tangu alfajiri na ndoo moja, ya kupikia na ya ndama. Kijiji kimoja kilikuwa na kisima kizuri chenye pampu mbovu. Kila ripoti yangu, safu ya maoni, niliandika: pampu. Masanduku ya dawa yalifika kwa wakati wake. Pampu waliitengeneza wanakijiji wenyewe, kwa michango, mwaka alizeti ilipokubali.