Mwea: Nondo anayejificha ndani ya bua la mpunga

Ukishapita Makutano ukielekea Embu, Mwea inakupokea kwa mchele kwanza. Pale Wang'uru wachuuzi wanakusogezea mifuko ya pishori hadi dirishani mwa matatu. Majaruba yenyewe huyaoni vizuri mpaka uache lami, upande bodaboda na kufuata mfereji. Hapo ndipo maji yanapotandaa kila upande, na yangeyange wanatembea katikati ya mpunga kama wenye shamba. Maji hayo hutoka mito ya Thiba na Nyamindi. Mifereji ya kwanza ilichimbwa miaka ya 1950 na mahabusu wa wakati wa Mau Mau.

Waandishi wa afya huja hapa kwa sababu ya kichocho na malaria, na mimi pia nilikuja kwa hayo. Lakini kilichozungumzwa jioni katika boma nililofikia kilikuwa ni nondo. Si zile za ujenzi, ni wale wadudu wanaofanana na vipepeo, wanaoruka usiku. Ukuta wa veranda chini ya balbu ulikuwa umejaa. Mama mwenye nyumba alisema hao ndio wanaomla mpunga, na kwamba dawa alishanunua. Dawa ilikuwa jikoni, kwenye chupa ya soda, karibu na chumvi.

Wengi wa wale waliokuwa ukutani hawakuwa na hatia. Anayetafutwa Mwea ni mmoja, na wataalamu humwita Maliarpha separatella. Mabawa yake ya mbele yana rangi ya majani makavu, na kwenye ukingo wa mbele wa kila bawa kuna mstari wa kahawia iliyoelekea wekundu. Ya nyuma ni meupe, yanang'aa kidogo, na yana manyoya marefu pembeni. Akiyatandaza yote, upana wake ni kama sentimita 2.5. Mwite mtoto, mfunike nondo kwa glasi, mumulike kwa tochi: mstari ule ndio wa kutafuta. Watoto wa boma lile walimpata mmoja kabla yangu, kisha wakahesabu wengine kumi na kitu wasio na mstari.

Nondo mwenyewe hali mpunga. Kazi yake ni kujamiiana na kutaga, na siku zake ni chache. Jike hubandika mayai kwa fungu juu ya jani, kwa gundi inayokaza jani likajikunja na kuyafunika. Ukipita kwenye kitalu ukaona jani limefinywa kama karanga iliyofungwa kwenye karatasi, lichume. Humo mnaweza kuwa na mayai makumi kadhaa, na kulichuma hakugharimu kitu.

Baada ya wiki moja hivi viwavi hutoka. Ni vidogo mno, lakini vina haraka. Vinajining'iniza kwa nyuzi za hariri na upepo unavipeleka kwenye mashina mengine. Kila kimoja hujipenyeza nyuma ya ala ya jani, kikatoboa bua na kuingia, na kwa kawaida bua moja hubaki na kiwavi mmoja. Hukaa humo kwa wiki kadhaa akila kutoka ndani, hasa pingili za chini karibu na maji. Kabla ya kugeuka bundo hutafuna njia ya kutokea, akaacha ngozi nyembamba tu ya bua kama pazia. Nondo mpya huisukuma usiku akatoka.

Ukipasua bua ukamkuta, ni mweupe au wa manjano hafifu, kichwa cha kahawia, hana milia. Ukikuta funza asiye na miguu, huyo ni wa inzi, yule ambaye macho yake yako kwenye ncha za vijiti viwili. Watoto wanamjua.

Ubaya wa nondo huyu ni kwamba mpunga husimama kijani kama mzima. Siku ya kupeta ndipo mapepe yanapozidi punje.

Hapa ndipo suala linapogusa jikoni. Watu wakiona nondo wengi kwenye taa, wanapuliza. Lakini kiwavi aliyekwisha kuingia ndani ya bua hafikiwi na dawa inayoua kwa kugusa. Inayemfikia ni buibui, na nyigu wadogo ambao wangetusaidia kuwaua viwavi na mayai. Kisha maji hushuka kwenye mfereji, na mfereji ndiko watoto wanakoogelea. Kwangu mimi, dawa ya kupuliza kwa kuona nondo ukutani ni pesa iliyomwagwa majini.

Na chupa ya soda, mzazi, hiyo haina mjadala. Mtoto wa miaka mitatu hasomi kilichomo, anaona soda. Dawa ibaki kwenye chombo chake chenye lebo, ifungiwe mbali na chakula. Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe wala usimpe maziwa ukidhani yataua sumu. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, mkimbize hospitali pamoja na chombo kile, maana daktari atataka kujua ni sumu gani.

Kinachomsumbua nondo zaidi ni kisiki. Baada ya mavuno, kiwavi anaweza kulala ndani ya mabua yaliyobaki shambani hadi maji yarudi. Ukikata chini kabisa na kuligeuza shamba mapema, unamnyima nyumba. Nyasi zenyewe hufungwa marobota wakauziwa wafugaji.

Ila wakulima wengi wa Mwea huacha visiki vichipue wavune mara ya pili, bila kununua mbegu wala kulipia kupanda. Mama mwenyeji wangu alikuwa bado anapiga hesabu. Mavuno ya kwanza huja Desemba, karo inadaiwa Januari, na mpunga wa visiki ndio unaonunua sare. Alisema labda atageuza jaruba moja, lile lililo karibu na kitalu, na kuacha mengine mawili.