Siku nilipopoteza majina ya watu elfu nne

Mmezoea kunisoma nikiandika mambo ya programu huria, Linux na jinsi ya kuifufua tarakilishi kuukuu. Leo sina maelekezo ya kusakinisha kitu chochote. Nataka kuandika juu ya jambo nililolikwepa kwa miaka kadhaa, jambo linalohusu jinsi shirika linavyolinda (au lisivyolinda) habari za watu wanaoliamini. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimechoka kuficha.

Mwaka wa 2018 nilikuwa naandikia programu chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Nairobi. Sitakitaja jina. Kilikuwa na wanachama wapatao 4,000: walimu, madereva, wenye maduka, akina mama wauza mboga. Kazi yangu ilikuwa kuhamisha rekodi zao kutoka kwenye madaftari na faili za Excel hadi kwenye hifadhidata ya MySQL, ili mwanachama aweze kuuliza salio lake kwa simu badala ya kupanga foleni ofisini.

Hebu fikiria kinachokaa ndani ya rekodi moja ya chama kama hicho. Kuna jina kamili na nambari ya kitambulisho. Kuna nambari ya simu, ile ile anayotumia kwa M-Pesa. Kuna anapoishi, anapofanya kazi, mshahara wake, akiba yake, mkopo wake na miezi aliyochelewa kulipa. Kuna majina ya wadhamini wake. Kuna jina la mrithi atakayepewa pesa mwenyewe akifa. Ukisoma ukurasa huo mmoja, unajua mtu huyo ana nini, anadaiwa nini, anamwamini nani na anampenda nani. Kuna mambo humo ambayo hata mke wake nyumbani hayajui.

Nami nilikuwa natembea na kurasa zote 4,000 begani.

Kosa langu ni kosa ambalo waandishi wengi wa programu hulifanya, na wengine wenu mnalifanya hata leo. Nilipotaka kujaribu programu nyumbani, nilichukua nakala nzima ya hifadhidata halisi nikaiweka kwenye laptopu yangu. Ilikuwa rahisi, amri moja tu na dakika mbili. Nilijiambia nitaifuta wikendi. Wikendi ikapita, na nyingine ikapita.

Jioni moja niliketi dirishani kwenye matatu ya Rongai, tukiwa tumekwama kwenye msongamano karibu na Railways, dirisha wazi kwa sababu ya joto, begi mapajani. Kijana mmoja alipita kando ya gari, akaingiza mkono, akavuta. Nilipopiga kelele alikuwa ameshavuka barabara. Abiria walinipa pole, kondakta akaniambia nifunge dirisha siku nyingine, na hadithi ikaishia hapo kwao.

Kwangu haikuishia hapo. Usiku ule sikulala, na si kwa sababu ya bei ya laptopu. Ile diski haikuwa imefungwa kwa njia yoyote. Nenosiri la kuingia lilikuwepo, lakini nenosiri la kuingia ni kama kufuli ya mlango kwenye nyumba isiyo na kuta. Mtu akiitoa diski na kuiunganisha kwenye mashine nyingine, anasoma kila kitu.

Asubuhi nilikwenda kwa meneja, mzee mwenye heshima zake aliyekijenga chama kile tangu kilipokuwa cha watu wachache.

"Kijana wangu, laptopu ilikuwa yako ama ya ofisi?"

"Yangu, Mzee."

"Basi pole sana. Tutaona vile tutakusaidia upate nyingine."

"Asante, Mzee. Lakini ilikuwa na rekodi za wanachama wote."

Akanyamaza. Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Nikasema hapana.

"Basi wacha ibaki hivyo. Tukiwaambia watu, kesho watajaa hapo nje wakitaka akiba zao. Pesa hizo tumezikopesha kwa wenzao, hatuna za kuwarudishia wote kwa siku moja. Chama kitakufa. Wewe unataka hivyo?"

Nilisema sitaki. Na kusema kweli nilifurahi, maana nilikuwa nimepewa ruhusa ya kunyamaza.

Majuma kadhaa baadaye nilikuwa ofisini nikirekebisha kitu, mama mmoja akaja analia. Alikuwa amepigiwa simu na mtu aliyejifanya wa chama. Mtu huyo alimwambia mkopo wake umekubaliwa, imebaki atume ada kidogo ya karatasi. Akatuma shilingi 6,500.

"Mwanangu," akaniambia mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa karibu, "huyo mtu alijua kitambulisho changu. Alijua mpaka jina la mdhamini wangu. Ningekosaje kumwamini?"

Je, habari hizo zilitoka kwenye laptopu yangu? Hadi leo sijui. Huenda mwizi aliifuta ile mashine siku ile ile na kuiuza. Huenda mama yule aliponzwa na jirani, au karani, au karatasi iliyotupwa. Hapa Nairobi tunaandika majina, vitambulisho na simu zetu kwenye daftari la bawabu katika kila jengo tunaloingia, na hatuulizi daftari lile huenda wapi likijaa. Habari zikishatoka hazina alama ya mlango zilikotokea. Huo ndio ubaya wake, na ndilo lililonifanya nijifiche nyuma ya neno "huenda" kwa miaka minne.

Wakati ule sheria ilikuwa na pengo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, ilikuwa tayari inatupa haki ya faragha, lakini hakukuwa na sheria ya kuliambia shirika hatua kwa hatua lifanye nini likipoteza habari za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuja mwezi wa Novemba 2019, na Kamishna wa kwanza wa Data akaapishwa mwaka uliofuata. Sheria hiyo inasema habari zikivuja na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, shirika limjulishe Kamishna katika muda wa saa 72 tangu lilipojua, na liwajulishe pia wenye habari. Hatua yetu ya kunyamaza, ambayo mwaka wa 2018 ilikuwa aibu tu, baada ya hapo ingekuwa kuvunja sheria.

Mwaka wa 2022 mashirika yalianza kutakiwa kujisajili kwa Kamishna. Meneja mpya wa chama (yule mzee alikuwa amestaafu) akaniita nisaidie kujaza fomu. Ukijisajili unatakiwa ueleze unahifadhi habari gani, za nani, kwa sababu gani, kuna hatari zipi na umeweka kinga gani. Nilifika kwenye sehemu ya hatari, vidole vikakataa kuandika. Nikafunga mashine, nikamwambia kila kitu. Yeye akasema, "Utayasema hayo mbele ya wanachama, nami nitakaa kando yako."

Lakini kwanza tulifanya kazi. Nawaandikia tulichofanya kwa sababu hakuna hata kimoja kilichohitaji pesa nyingi.

Kwanza, nilipiga marufuku kufanyia majaribio rekodi za watu halisi. Niliandika programu fupi inayobuni wanachama wa uongo, majina ya kuokoteza na vitambulisho visivyokuwepo. Leo laptopu ya mwandishi wa programu ikiibwa, mwizi atapata orodha ya watu ambao hawajawahi kuzaliwa.

Pili, diski zote tulizisimba, yaani kila kinachoandikwa hugeuzwa kuwa fujo isiyosomeka bila ufunguo. Kwenye Linux tulitumia LUKS, kwenye Windows BitLocker. Nakala za akiba nazo tulizisimba, kwa maana watu wengi hufunga sanduku kisha wakaacha nakala ya vilivyomo juu ya meza. Sheria yenyewe inaitambua kinga hii: kama habari zilizopotea zilikuwa zimesimbwa, shirika laweza kusamehewa kuwaarifu wenyewe. Ningalifanya hivyo mwaka wa 2018, ningalipoteza laptopu tu.

Tatu, manenosiri. Naona aibu kusema kwamba yalihifadhiwa kwa MD5, mbinu ya mwaka wa 1991, bila hata chumvi. Chumvi hapa ni herufi za bahati nasibu zinazochanganywa na kila nenosiri kabla ya kusagwa, ili watu wawili wenye nenosiri moja wasitokee na unga unaofanana. Si sisi peke yetu tuliozembea. LinkedIn ilipovamiwa mwaka wa 2012, manenosiri yake nayo yalikuwa yamesagwa bila chumvi, na wavamizi waliyafumbua kwa wingi. Tukahamia bcrypt, iliyotolewa mwaka wa 1999. Hiyo hutia chumvi yenyewe, na tena imefanywa iwe polepole makusudi. Anayejua nenosiri lake hahisi chochote, lakini anayejaribu mamilioni atachoka.

Nne, na hili lilikuwa gumu kuliko yote: wafanyakazi wote walikuwa wakiingia kwa jina moja, "admin". Tukampa kila mmoja jina lake, na kila mmoja akafunguliwa sehemu inayohusu kazi yake tu. Programu ikaanza kuandika nani amefungua rekodi ya nani, saa ngapi. Mwezi wa kwanza tuliona karani mmoja amefungua rekodi ya shemeji yake mara nyingi. Hakuwa mwizi. Kulikuwa na ugomvi wa familia, naye alitaka kujua mwenzake ana pesa ngapi. Watu wakisikia ulinzi wa data hufikiria mvamizi aliye Urusi. Mara nyingi anayechungulia ameketi kwenye kiti cha ofisi, ana chai mkononi.

Kisha ikafika siku ya mkutano mkuu. Nilisimama mbele ya watu mia kadhaa nikaeleza kuhusu laptopu, matatu na ukimya wetu. Nilitarajia matusi. Mzee mmoja wa nyuma akainua mkono na kuuliza kwa upole:

"Mimi nilimdhamini ndugu yangu mwaka wa 1998. Mkopo alimaliza, na mimi mwenyewe nikatoka kwenye chama, nimerudi juzi tu. Hiyo laptopu yako ilikuwa na jina langu?"

Nilijibu ndiyo.

"Kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefikiria kufuli, funguo na chumvi, lakini sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini tulikuwa na kitambulisho cha mtu ambaye hatumdai na hatudai chochote kwake. Hakuna aliyeamua kumweka. Hakuna tu aliyeamua kumtoa. Rekodi za fedha sheria hutaka zihifadhiwe miaka kadhaa, sawa, lakini si milele. Baada ya mkutano ule tuliweka tarehe ya kufa kwa kila rekodi, tukafuta maelfu ya mistari. Kitu usichokuwa nacho hakiwezi kuibwa kwako. Hiyo ndiyo kinga bora kuliko zote nilizowaorodhesha hapo juu, nayo nilifundishwa na mzee ambaye hajui MySQL ni nini.

Waliotoa akiba zao na kuondoka hawakufika ishirini. Foleni aliyoiogopa yule meneja wa zamani haikuja.

Mkutano ulipoisha, yule mama wa shilingi 6,500 alinifuata nje. Nilikuwa nimemtambua tangu alipoingia ukumbini. Nikamwambia nataka kumrudishia pesa zake. Akazipokea, akazihesabu, akazitia kwenye mkoba. Halafu akasema:

"Mwanangu, mimi sikukasirikia mwizi wako. Wezi wako kila mahali. Lakini mngetuambia mapema, ile simu ningeikata."

Nimelifikiria neno hilo zaidi ya vifungu vyote vya sheria. Nilikuwa nikidhani kuwaarifu watu ni adhabu kwa shirika, kitu cha kuchelewesha kadiri iwezekanavyo. Kumbe zile saa 72 hazikuwekwa kwa ajili yetu. Zimewekwa kwa ajili yake, ili apate nafasi ya kubadilisha nenosiri, kuionya familia, kukata simu. Tulipokaa kimya hatukulinda chama. Tulimnyang'anya yeye silaha pekee aliyokuwa nayo.

Basi ndugu yangu mwandishi wa programu, kabla hujalala leo, fungua laptopu yako uangalie kama kuna nakala ya watu halisi humo. Kama ipo, ifute sasa hivi. Usingoje wikendi.