Jogoo wa Sadaka, Kilosa

Ukishuka garimoshi Kilosa siku ya Jumapili, usikimbilie basi la Mikumi. Subiri ibada iishe. Nje ya kanisa utakuta mnada wa sadaka: kuku, mkungu wa ndizi, debe la mahindi.

Zamani fedha za Injili zilitoka ng'ambo. Wamisionari wa CMS kutoka Uingereza walifungua kituo Mamboya, wilayani humu, kabla ya utawala wa Wajerumani. J. T. Last alimzika mkewe huko. Sarufi yake ya Kikaguru ikachapwa London mwaka 1886. Mwaka uo huo aliuawa Namugongo, Uganda, kijana Kizito, ambaye hospitali ya Wakatoliki pale Mikumi ina jina lake.

Siku hiyo fedha zilikuwa za baiskeli ya mwinjilisti aendaye kwa wafugaji, ilhali paa la kanisa lenyewe linavuja. Nilimwuliza bibi mmoja, mwenye jogoo, kwa nini wasianze na paa. Naye akaniuliza kama makwao wale wa Mamboya mapaa yalikuwa hayavuji.

Nilinyamaza. Nikamnunua jogoo wake kwa bei ya kuchoma mfuko, nikapanda naye basi la Mikumi.