Remmy Alikufa Lini

Kabwe hakuna anayebisha kwamba Remmy Ongala amekufa. Ubishi ni kuhusu siku.

Tarehe yenyewe inajulikana: Desemba 13, 2010, Dar es Salaam. Lakini ukikaa kwenye banda la fundi redio, hatua chache kutoka ufukweni, utakuta watu wazima wanaoshikilia kwamba Remmy wao aliondoka miaka kadhaa kabla ya hapo, siku aliyookoka, akaacha dansi na kuanza kuimba injili. Kwao, waliozika mwaka 2010 walizika mwili tu. Wapo wengine, hasa walokole, wanaosema mtu alikuwa mmoja na sauti ilikuwa moja, ila alibadilisha anayemwimbia. Nimekua nikiusikia ubishi huu kama wengine walivyokua wakisikia ubishi wa Simba na Yanga.

Mwaka 2024 niliusikia mpaka mwisho, kwa sababu ziwa lilifungwa. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Nilikuwa nyumbani likizo. Mtu asiyeifahamu Kabwe hawezi kujua hiyo ni miezi mirefu kiasi gani. Wavuvi wetu wanafanya kazi usiku wa giza, taa zikiwavuta dagaa na migebuka, na mchana wanalala. Mapumziko yao ni zile siku za mbalamwezi. Sasa ghafla kijiji kizima kikawa macho mchana. Nyavu zilikunjwa, taa zikaletwa kutundikwa sebuleni, na sisi tukala maharage yanayoteremshwa kutoka juu Ufipa mpaka watoto wakaanza kuyatungia nyimbo. Kilichobaki ni maneno, na banda la fundi redio lilikuwa na viti.

Kwa vijana wenzangu ambao wanamjua Ongala wa mpira tu (mmoja wetu pale bandani alidhani tunamzungumzia Kally, aliyecheza na kufundisha Azam), nieleze kidogo. Baba yake Kally alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaitwa Ramadhani Mtoro Ongala. Inasemekana alitoka tumboni akiwa na meno, ndiyo maana ule udokta wa jina lake haukuwa wa chuo. Aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia Orchestre Makassy, na wimbo wake wa kwanza pale uliitwa Siku ya Kufa. Baadaye akawa na Super Matimila. Mwaka 1988 akaitwa Ulaya na WOMAD, akarekodi kwenye studio za Peter Gabriel kule Uingereza. Alipoimba Mambo kwa Soksi kuhusu kondomu, redio ya taifa haikuupiga, na watu wakaujua wote vilevile. Mpaka leo pale Sinza kuna kituo kinaitwa kwa Remmy. Makonda wanalitaja jina lake kutwa nzima, na abiria wengi wa rika langu wanashuka pasipo kujiuliza Remmy ni nani.

Bandani hakuna aliyehitaji maelezo hayo. Mkubwa wa ubishi alikuwa mzee mmoja mtengeneza mitumbwi, ambaye kila mtu alimwita Mzee wa Moba. Moba iko ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, karibu kabisa mkabala na sisi. Mvua ikishasafisha hewa, milima ya kule unaiona kama imesogezwa usiku. Mzee alivuka akiwa kijana, akaoa Mfipa, akazeekea Kabwe. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wale wanaosema kuna Remmy wawili.

"Yule wa injili ni mtu mwema," alikuwa akisema, "lakini mimi simfahamu. Mimi namfahamu aliyekuja na Kiswahili cha Kindu."

Hilo la Kiswahili alilishikilia sana. Alidai anaweza kusikia mto Lualaba kwenye matamshi ya Remmy. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba maafisa walipopita mwambaoni kuandikisha watu, Mzee wa Moba alirudishwa mara tatu na ofisi moja kwa sababu ya namna anavyotamka maneno, ingawa watoto wake saba na miti ya mwembe mlangoni kwake vyote vilikuwa vya Kabwe. Baada ya mara ya tatu alikuja bandani akakaa, akamwomba fundi amuwekee Muziki Asili Yake Wapi. Hakusema neno mpaka wimbo ulipokwisha. Akasema tu, "Huyu alikaa Dar miaka thelathini na mbili."

Kwa hiyo nadhani, na hili ni langu, kwamba Mzee hakuwa anabishania dansi na injili. Kila mtu aliyeokoka kijijini anazaliwa upya, anapata jamaa wapya, ya zamani yanapita. Yeye alikuwa mtu ambaye ya zamani yake yalikuwa yakitiliwa shaka na watu wa kalamu na karatasi, na hakutaka mtu mwingine yeyote, hata Remmy mwenyewe, ayaache kirahisi hivyo.

Mpinzani wake mkuu alikuwa binti yake mwenyewe, mlokole wa kweli, anayeuza mafuta ya mawese mbele ya banda. Hakuwa akiingia ndani. Alijibu kutoka nje, mgongo ukiwa kwetu. "Baba, ni Remmy yuleyule. Mungu hakumpa koo jingine." Baba yangu mdogo, naye mlokole, alimuunga mkono kwa kichwa tu. Ana kanda kumi na moja za Matimila kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Hazipigi, kwa sababu ya kanisa. Hazitupi, kwa sababu ambazo hajawahi kumweleza mama mdogo.

Mzee wa Moba alifariki Julai, ziwa likiwa bado limefungwa. Aliumwa siku nne. Kitu kimoja alichokuwa amewaambia wenzake, zaidi ya mara moja na mbele ya mashahidi, ni kwamba siku yake ikifika wampigie Kifo, ule wimbo ambao Remmy anazungumza na mauti yenyewe. Usiku wa kwanza wa matanga wazee wa bandani wakapeleka ujumbe kwa familia.

Binti akakataa. Ulikuwa msiba wake, alisema, na baba yake hataondoka duniani na nyimbo za baa.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitegemea. Fundi redio, ambaye kwa miaka yote alikuwa upande wa Mzee, akasimama uani pale, kofia mkononi, akasema: "Dada, lakini huyu aliyeimba alikufa ameokoka. Wewe mwenyewe umetuambia ni mtu mmoja. Basi huu ni wimbo wa mtu aliyeokoka."

Na binti, aliyekuwa amesema koo ni lilelile tangu nikiwa shule ya msingi, akajibu bila kusita: "Alipoimba huo alikuwa hajaokoka. Huyo ni mwingine. Yule alishakufa."

Watu walikaa kimya. Mimi niliangalia chini, kwa sababu nilitaka kucheka na haikuwa mahali pake. Pande mbili zilikuwa zimebadilishana viti bila mtu kuzitaka radhi, kila mmoja ameshika silaha ya mwenzake, na ambaye angefurahi kuliko wote kuliona hilo alikuwa ndani, amefunikwa shuka.

Macho yakamgeukia baba mdogo, maana yeye alikuwa wa pande zote mbili. Alichukua muda. Kisha akamwambia binti, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mfiwa na si na mpinzani: "Mwanangu, msiba ni wako. Sisi tutaimba utakachosema." Baadhi ya wazee walimnunia kwa hilo, na mmoja bado amenuna. Mimi naona alisema sawasawa. Matakwa ya marehemu yana uzito, ila aliyebaki na kaburi la kupalilia ni yule binti.

Tukazika kwa pambio, kwenye udongo mwekundu ulioanza kukauka, na mitumbwi minne kati ya iliyovutwa juu ufukweni siku ile ilikuwa kazi ya mikono yake.

Siku ya tatu baada ya mazishi binti alikuja bandani. Simu ya baba yake ilikuwa imebaki pale ikichajiwa tangu kabla hajaugua. Kwa mara ya kwanza aliingia ndani, akakaa ukingoni mwa kiti. Fundi akamrudishia, kisha, kwa aibu kidogo, akaomba anakili nyimbo zilizokuwa kwenye memori kadi. "Zina nini?" binti akauliza. Fundi hakujibu, alichomeka kadi kwenye spika.

Zilikuwa zimechanganyikana. Mzee hakuwa mtu wa kupanga mafaili. Ulianza wimbo wa Matimila, ukaja wa injili, tena Matimila, na wa injili tena, wote Remmy. Muda wote ule aliotubishia kwamba hamfahamu Remmy wa pili, alikuwa akimsikiliza nyumbani kwake. Binti alifunga khanga vizuri kiunoni, akabaki pale pale. Ulipoanza Kifo alitambua, nadhani, kwa jinsi wanaume walivyoacha kuangaliana. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuzima. Baba mdogo aliinamisha kichwa kama yuko ibadani.

Ulipokwisha, binti alitoa hela ya kuchaji. Fundi akakataa kuipokea. Akaiweka mezani hata hivyo.

"Na hilo gitaa," akauliza akiwa mlangoni, "anapiga nani?"

Yakatajwa majina matatu kwa mpigo, na mzee mmoja akagonga meza.